Gereji ya chini ya mwembe na Mustang yangu ya 67: bati wape, injini usithubutu

Haya jamani. Tangu niitoe ile gari barabarani kila nikisimama Forodhani jioni lazima aje mtu na bakuli lake la urojo mkononi, "kaka hii kazi umeifanyia wapi?", na mie kujibu mmoja mmoja nshachoka, basi naandika hapa mara moja anaetaka asome. Jina la gereji silitaji mana kuna mazuri ntayasema na kuna mabaya ntayasema, na yule mzee mwenye gereji simtakii baya hata chembe. Ni uwanja wazi tu huku Ng'ambo, kibao hakuna, kuna mwembe mmoja mkubwa, kontena la kuwekea spana na mitungi ya gesi, na daladala mbili tatu zilizovuliwa mabati hazijulikani zilikuwa za ruti gani.

Kwanza nielezee gari mana bila ya hivo hamtofahamu kwanini nalalamika. Ni Ford Mustang ya 1967, ile ya milango miwili yenye paa la bati. Ami yangu anakaa Maskati, aliipata huko kwa mtu alieshindwa nayo, akaipakia melini akanambia kwa simu "wewe si ndo unapenda makopo, haya kopo lako linakuja." Ilipofika bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, mie kitu cha kwanza nlikwenda kutafuta namba ya chesesi, inaanza 7T01C, nkakaa pale chini kwenye lami nakenua meno peke yangu. Saba ni 1967, T ni kiwanda cha Metuchen kule New Jersey, 01 ndo hiyo bodi yake, na C ndo injini ya 289, yani inchi za ujazo 289, kama lita 4.7, V8 ya silinda nane, kabureta ya midomo miwili. Yani imezaliwa na V8, haikuvishwa ukubwani. Na hapa nicheke kidogo, mana ukimwambia mtu wa hapa una V8 anajua una Land Cruiser ya mheshimiwa. Na kweli ukubwa ni ule ule wa Land Cruiser ya petroli ya 4.7, ila yangu mie ina kabureta na haina kompyuta hata moja, waya zote za gari nzima unaweza kuzihesabu ukiwa unakunywa chai.

Gari za Ghuba watu wanazisifu kwa ukavu na ni kweli, huko mvua haba. Shida ni kwamba mie baada ya kuipokea sikuwa na hela, nkaiweka Chukwani kwa ndugu yangu chini ya banda la makuti miaka miwili, na pale bahari unaiona. Upepo wa kusi ukianza unapangusa kioo asubuhi jioni kina chumvi. Masika ya pili nkaenda kuitazama nkafungua mlango, sakafu ya upande wa dereva ina maji ya kuogea bata. Vioo vyote vimefungwa. Paa zima. Maji yametoka wapi?

Hapa niwape elimu ya bure mana nimeilipia. Mustang hizi za mwanzo, kuanzia ile ya 1964 ilipotoka mpaka hizi za 67 na 68, chini ya kioo cha mbele pale kwenye matundu matundu kuna sanduku la bati limefungwa juu na chini. Kazi yake kuingiza upepo ndani kwa abiria. Mvua nayo inaingia mle mle, ila inatakiwa ishuke pembeni itoke nje, na yale matundu mawili ya upepo yamezungushiwa shingo ya bati imesimama kama kofia ya kiua isiyo na juu, ili maji yasipande yakaingia ndani. Sasa majani na vumbi vikikaa mle miaka, zile shingo zinaoza, na huzioni kwa sababu sanduku halifunguki, limechomelewa kiwandani. Ndo maji yanakushukia miguuni. Ukitaka kununua gari hii, usitazame rangi usitazame injini, chukua ndoo ya maji mimina pale chini ya kioo, af ingia ndani lala chali tazama chini ya deshibodi na tochi. Mwenye gari akikataa usimwagie maji, aga uondoke.

Na tena hii gari haina chesesi ya kupita chini kama ya pikapu, bodi yenyewe ndo chesesi. Kwa hiyo sakafu ikioza si kwamba miguu italowa tu, gari inaanza kukunjika katikati.

Nkaanza kuzunguka kwa mafundi. Wa kwanza akatazama akasema "hii faiba na puti, siku mbili unaondoka nayo". Wa pili akanitolea bati la kuezekea, wallahi, geji 28, bati la nyumba, anataka kunipigia sakafu ya gari. Wa tatu sikumwachia hata aguse. Na kila mmoja wao, kabla hajatazama kutu, ananishauri kitu kimoja, "kaka toa hiyo injini weka 1JZ ya Toyota, spea kibao." Nnajua spea kibao. Ningetaka Toyota ningenunua Toyota, zipo bandarini zimepangwa kama mikate.

Ndo nkaelekezwa kwa mzee wa mwembeni. Nimemkuta amekaa juu ya tairi anakunywa chai. Hakusimama. Akamaliza chai yake, akavaa miwani, akaja akaizunguka gari mara moja kimya, af akaanza kuigonga kwa kucha. Kwa kucha, si nyundo. Anagonga hapa, anasogea kidogo, anagonga. Alipofika nyuma kwenye kona paa linapoungana na ubavu akasita, akatoa kisu mfukoni akakwaruza rangi kidogo, ikatoka rangi ya kijivu laini. Mie moyo ukaniruka nkajua puti. Akasema "sio puti hii, hii risasi. Hawa walijazia risasi kiwandani. Usimruhusu mtu apige moto hapa, na moshi wake usiuvute." Na ndivo ilivo, zamani viwanda vya Marekani vilikuwa vinajazia viungo vya bodi kwa risasi ya kuyeyusha. Mie nlisoma hiyo miezi mitatu, yeye kajua kwa kisu cha kumenyea machungwa. Nkampa ufunguo pale pale.

Tukakubaliana milioni moja na nusu kazi yote ya bati, wiki tatu. Zilikuwa wiki saba. Nasema mapema ili usije ukanilaumu, wiki zake mzee zina siku nyingi. Akifiwa mtu mtaani gereji inafungwa, mvua ikinyesha gereji inafungwa mana umeme na maji hawapatani, na akija mwenye daladala anaelala njaa gari yake ikisimama wewe mwenye gari ya starehe unasogezwa pembeni. Hilo la mwisho alinambia wazi, "mwanangu, yule anakula kwa gari yake, wewe gari yako inakula kwako." Sikuwa na jibu.

Lakini kazi. Yakhe, kazi.

Kabla hajakata chochote aliweka vyuma viwili kila mlango, vimevuka kutoka nguzo ya mbele kwenda ya nyuma, kavichomelea. Vijana wake wakawa wanalalamika mana wanapata tabu kuingia ndani. Akawaambia ukitaka kubadilisha nguzo ya nyumba huweki mwega kwanza? Basi, ndo huo mwega. Mwisho wa kazi ile milango inafunga kwa kidole kimoja, na nimeona Mustang kwenye video za huko kwao Marekani zimetengenezwa kwa hela ya kujengea nyumba na mlango unaupiga teke ndo unafunga.

Lile sanduku la chini ya kioo alilifungua kwa drili. Kiwandani wamelishika kwa doti doti za welding, unatoboa kila doti taratibu ukikomea bati la juu usiguse la chini. Tulihesabu mpaka mia na kitu tukaacha. Lilipofunguka mle ndani kulikuwa na mchanga wa Maskati, majani ya Chukwani, na kiota cha panya. Zile shingo mbili za matundu hazipo, zimebaki meno ya kutu tu.

Mie nkamwambia zinauzwa, naagiza kwa ndugu yangu Dubai, mwezi zinafika. Akanitazama. Siku ya pili nakuja nimemkuta amekaa chini ya mwembe na kipande cha bomba la chuma baina ya magoti, amekata mkanda wa bati la geji 20, ameuzungusha kwenye bomba, na nyundo ya mti wa mkwaju anaukunja ukingo. Hapigi kwa nguvu. Anapiga kama anaeamsha mtoto, tak tak, anageuza inchi moja, tak tak, anageuza. Ukipiga pigo kubwa bati linapasuka pale linapovutika, kwa hiyo kila mzunguko ukingo unalala kidogo tu, ni milimita moja labda. Alizunguka lile bomba nadhani mara kumi na tano. Nusu saa nzima, mie nimechutama pale, kahawa yangu imepoa. Alipotoa ile shingo ilikuwa mviringo, ukingo umelala sawa, hakuna hata kunyanzi. Akanipa niishike akarudi kutengeneza ya pili, na ya pili akaipima kwa ya kwanza kwa macho tu.

Kuzichomelea ndo kazi nyengine. Bati jembamba ukilipiga moto mfululizo linapinda, kwa hiyo anaweka doti moja huku, anakwenda kuweka doti upande wa pili, na kijana kasimama na kitambaa kibichi anapoza kila doti. Baada ya hapo praima ya zinki mle ndani kote, tabaka mbili, na kwenye viungo silanti, af ndo akalifunga.

Siku ya kujaribu alitandaza gazeti sakafuni upande wa dereva na upande wa abiria, akamwambia kijana alete mpira wa maji aufungulie juu ya yale matundu. Dakika ishirini maji yanakwenda. Yanatoka pembeni nyuma ya matairi ya mbele, kama inavotakiwa. Af akafungua mlango, akaliokota lile gazeti, akakaa juu ya tairi lake akaanza kulisoma.

Ndo nasema, kwa bati huyu mzee hana mwenzake Unguja nnayemjua mie, na sikumwona akijaza puti zaidi ya unene wa ukucha. Sakafu zote mbili, zile pembe za chini zinazoshika mbele na ubavu, trei ya betri iliyoliwa na asidi, vyote kavikata kavirudisha. "Puti ni ya kulainisha sio ya kujengea", hilo utalisikia pale mara ishirini kwa siku anawaambia vijana.

Sasa hao vijana.

Gereji ina mzee wa bati, na ina vijana wawili wa injini, ambao ukiwaletea Noah au Vitz wanaimaliza wamefumba macho, hilo siwanyimi. Kosa langu, nlijua mkono wa mzee umefika mpaka kwao. Haujafika. Injini yangu nlikuwa nimeishusha, bloki nkaivusha Dar ikachongwa silinda, nkanunua pistoni za saizi, ringi, kemshafti mpya (kem, ule mti wa chuma unaofungua valvu) na tapeti zake, vile vyuma vidogo vinavosukumwa na kem, kutoka Marekani kupitia Dubai. Nkaifunga mwenyewe na binamu yangu nyumbani, imebaki kuirudisha ndani ya gari, kuunga waya na mabomba, na kuiwasha. Vijana wakasema hiyo kazi ndogo, tuachie.

Sikilizeni vizuri hapa wenye injini za zamani. Hizi kemshafti za tapeti bapa, tapeti haina gurudumu, inasuguana na kem chuma kwa chuma. Ikiwa mpya ile sura ya juu haijazoeana. Kwa hiyo siku ya kwanza kuwasha, injini ikishika tu unaipandisha mpaka mizunguko elfu mbili, unaishikilia hapo dakika ishirini, hairuhusiwi kukaa silensa, yani kunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, hata kidogo, mana kem inapata oili kwa kurushiwa na krenki inapozunguka, na silensa krenki hairushi ya kutosha. Na oili iwe yenye zinki ya kutosha, sio hizi nyepesi za gari za kisasa. Na kabla ya kuwasha usiisote sota kwa stata, mana ile grisi ya kufungia ulompaka kem inakwisha yote. Haya yote niliyaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi nkaibandika juu ya kifuniko cha hewa. Oili yenyewe nimewaachia, galoni iko pale, nimeiandikia HII.

Nkaenda Pemba, harusini Chake Chake, siku mbili.

Nilivoambiwa baadae ni hivi. Wakaunga waya za plagi. Sasa V8 si kitu cha kila siku hapa, mmoja akatafuta kwenye simu mpangilio wa kuwaka wa Mustang V8, yani silinda ipi inafuata ipi kuwaka, akapata 1-3-7-2-6-5-4-8. Huo mpangilio ni wa kweli kabisa, ila ni wa zile 5.0 za miaka ya themanini. 289 yangu ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Ukizitazama haraka zinafanana fanana, zote zinaanza na moja. Wakaanza kusota. Injini inapiga mafua, inarudisha moto juu kwenye kabureta, kijana mmoja nyusi zikamwondoka (zimeshaota, alhamdulillahi). Hawakuacha. Wakabadilisha betri wakaendelea kusota, wakavuta betri ya daladala wakasota tena. Kufika alasiri ndo mwengine akaona namba halisi zimepigwa chapa pale pale juu ya manifoldi ya hewa, mbele ya macho yao, chuma kimeandikwa. Wakapanga upya, ikashika mara moja. Na kwa furaha yao wakaiacha silensa waje watu wasikilize mlio, V8 ya Kimarekani, mtaa mzima ukaja, mmoja karekodi na video nimetumiwa mie nikiwa nakula pilau la watu. Nimeitazama ile video nkasikia pilau linasimama kooni. Karatasi yangu inaonekana kwenye video. Na galoni ya oili ilioandikwa HII inaonekana, haijafunguliwa.

Nimerudi nkaiwasha, inagonga tak tak upande wa kulia. Nkafungua kifuniko cha valvu, roka moja haipandi, nyengine inapanda nusu. Oili nimeimwaga kwenye beseni juani inameremeta kama dagaa lililoanikwa. Ndo kem yangu hiyo, imesagwa imekwenda kila pahala, kwenye beringi, kwenye pampu, kote.

Walivonijibu vijana, "bro injini ya zamani hiyo, ishachoka." Injini ambayo ina pistoni za wiki mbili! Hapo nlitaka kusema maneno ambayo Ramadhani ilikuwa karibu nkayameza.

Mzee alikuja nyumbani usiku baada ya isha, na kofia yake, peke yake. Kakaa barazani, hakutaka hata juisi. Akasema "mwanangu nimeona karatasi yako. Walijua kusoma." Akanirudishia nusu ya hela ya bati, ya bati ambayo kazi yake ilikuwa safi, nkaikataa, akaiacha chini ya mkeka akaondoka. Sijui gereji ngapi zitafanya hivo. Lakini bado kem ni kem, nimengoja wiki tano ije nyengine, nimefungua injini yote nimeiosha mpaka mifereji ya oili kwa brashi, beringi mpya, na safari hii tumeiwasha nyumbani mie na binamu, yeye kashika mpira wa maji pembeni ya rediota, mie nimeshika mguu kwenye mafuta nimetazama saa. Dakika ishirini ni ndefu nyie. Jirani alikuja kuuliza kama kuna jenereta tumenunua.

Rangi nayo nlifanya kosa nkawapa wao, kabla ya hilo la injini. Buluu ile ile aliyotoka nayo kiwandani, Acapulco Blue. Matayarisho mazuri mana mzee alisimamia msasa, ila rangi inapigwa wapi? Chini ya mwembe. Na mwembe ulikuwa unatoa maua. Mnaelewa. Paa na boneti vimekuja na vijiua vimezama ndani ya vanishi, na pembeni kote vinundu vinundu kama ganda la chungwa. Hatua tatu nyuma inang'ara utasema imetoka dukani, ukisogea unaweza kuchuma maembe. Nimeshinda wikendi nne na msasa wa maji wa 1500 na wa 2000, sabuni na ndoo, af polishi, na bado kwenye buti kuna ua moja nimeliacha makusudi, mke wangu kalipenda. Ukitaka rangi tafuta pahala penye chumba. Hili silaumu sana, gereji wazi ni gereji wazi, nlikuwa naona mwembe kila siku kwa macho yangu.

Mabadiliko niliyoweka mwenyewe nayataja haraka. Breki za mbele nimetoa ngoma nimeweka diski, mana ngoma zote nne zikilowa masika gari inakwenda inakotaka yenyewe, na ukiweka diski mbele usisahau valvu ya kugawa nguvu, la sivyo nyuma itafunga kwanza. Platini kwenye distributa nimezitoa nimeweka Pertronix, kifaa cha elektroniki kinachofanya kazi ya platini ya kukata moto wa plagi, inaingia mle mle ndani ya distributa ya asili huioni, kitu bora kuliko vyote nilivonunua kwa bei yake, sijagusa tena toka siku hiyo. Rediota ya alumini na feni ya umeme, mana foleni ya Darajani saa saba mchana geji ilikuwa inapanda nami moyo unapanda. Giaboksi ni ile ile ya asili, otomatiki ya gia tatu, C4, sijaifungua na sitaki kuifungua.

Inakunywa, msiniulize. Kilomita tano kwa lita nikiwa mpole. Na stelingi iko kushoto, kwa hiyo ukiwa nyuma ya daladala ya Bububu huoni chochote, mke wangu ndo konda wangu, "pita... pita... USIPITE!", tushagombana barabara nzima mpaka Mtoni. Mwanamke wa watu hajui hata gari ni ya mwaka gani ila sasa anapima mwendo wa lori kuliko trafiki.

Sasa anaetaka kwenda. Peleka kazi ya bati peke yake, injini ishushe uiache kwako, na betri ndio usiipeleke kabisa ili asiwepo wa kushawishika. Bati nunua mwenyewe, geji 20 kwa sakafu, mana ukimwachia kijana akanunue atakuja na alichokikuta. Kubaliana na mzee mwenyewe, si na kijana, hata kijana akikwambia "mzee hayupo niambie mie", ngoja. Mlipe kwa vipande, theluthi ya mwanzo, theluthi sakafu ikikamilika, nyengine baada ya maji. Na mwambie kabisa unataka jaribio la maji na gazeti, atafurahi, atajua unajua. Wiki alizokwambia zidisha mara mbili na uongeze masika ikiwa karibu. Kwenda nenda asubuhi, kabla ya saa tatu, ukichelewa keshaingia chini ya gari hatoki mpaka adhuhuri, na Ijumaa usiende.

Ukimkuta anakunywa chai kaa kwenye tairi jengine usubiri. Usimtajie gari mpaka amalize.